Fundi, Lete Karatasi

Australia inalia haina mafundi. Fundi mmoja wa jua kali pale Kamukunji, anayechomelea vyuma tangu enzi za Moi, akasikia kilio akajitolea kwenda kufuta machozi. Akaambiwa taratibu mzee, thibitisha kwanza kwamba wewe ni fundi.

Kuthibitisha kwenyewe hakuanzi na cheche. Trades Recognition Australia, wanaopima ujuzi wa mafundi wa kigeni, wanataka kwanza makaratasi: cheti, barua ya mwajiri, ushahidi wa mshahara. Mwajiri? Ni yeyote anayesimama barabarani na geti lililopinda. Mshahara? Labda ile meseji, "Nimekutumia nusu, nyingine Ijumaa," ingawa haikusema Ijumaa ya mwaka gani. Rekodi za kodi nazo tusiziguse, kuna watu wamelala.

Kweli, NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda nchini Kenya, wana mtihani wa daraja kwa mafundi kama yeye, na cheti chake ni halali. Lakini hakuna mtihani unaomzalia mtu mwajiri wa kuandika barua.

Mpwa wake je? Ana diploma, ana barua zenye mihuri, ana picha akiwa na kofia ngumu isiyo na hata mkwaruzo. Faili lake linapendeza. Sasa anasubiri mahojiano ya kiufundi, na kila usiku anampigia simu mzee: "Mjomba, chuma kikijikunja wakati wa kuchomelea, nijibu nini?"

"Wape namba yangu," mzee anamjibu.