Kompaila Aliyefungwa Macho

Siku hizi usimwambie mtengeneza tovuti kwamba anaandika JavaScript tupu, utakuwa umemtukana. Yeye ni mtu wa TypeScript, lugha iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, na kila komponenti yake ya React imevishwa aina. Hongera. Sasa fungua faili lenyewe. Kikapu cha manunuzi kinapokea bidhaa ya aina gani? any, yaani yoyote ile. Mteja je? any. Kitufe cha kulipia, chenye pesa za watu? any, na juu yake @ts-ignore, kompaila asije akauliza maswali. Maskini, ameajiriwa kwa mbwembwe, akakabidhiwa na kitambaa cha kujifunga machoni! Akizidi kunung'unika, fundi anaandika as Bidhaa: tulia, najua ninachofanya. Kisha seva inaleta bei ikiwa maandishi, "500" inajumlishwa na 200, na mteja anadaiwa 500200. Zile aina zilishafutwa zote kabla programu haijafika kwenye kivinjari, jambo ambalo mwongozo unalisema, lakini nani ana muda wa miongozo? Muulize fundi, atakujibu kwa kifua mbele kuwa kompaila hakuona kosa hata moja. Angelionaje?