Kikao cha Stesheni

(Stesheni moja Mwenge, Dar es Salaam, saa tano asubuhi. Tajiri wa duka ametoka kufuata chapati. Laptopu yake iko wazi mezani, simu yake imewashwa hotspoti na imelazwa juu ya mashine ya fotokopi.)

FENI: (anahema ndani ya laptopu) Nani anakimbia humu ndani? Tajiri amefungua barua moja tu ya maombi ya kazi, kurasa mbili, nami nazunguka kama nasaga mahindi!

BANDO: Shikamoo, mzee Feni.

FENI: Marahaba. Wewe mgeni?

BANDO: Nimeingia asubuhi hii kutoka kwenye simu ya tajiri. Giga moja, ya siku nzima. Lakini nikijishika kiuno naona nimekwisha kupungua.

FENI: Mwenzio wa jana hakuiona adhuhuri.

ARIFA: (anachomoza kona ya chini kulia) Ting! Kompyuta yako ina virusi 5! Bofya hapa!

FENI: Mwizi wako huyo hapo.

ARIFA: Mzee, tuheshimiane. Mimi niliingia kwa hodi. Kijana wa chuo alikuja kutafuta matokeo ya mpira, tovuti ikamuuliza: Ruhusu au Zuia? Akabofya Ruhusu ili kidirisha kimpishe. Nina kibali.

FENI: Kijana mwenyewe kaondoka, hata jina la tajiri halijui.

ARIFA: Kaondoka yeye, kibali kimebaki. Kinakaa kwenye kivinjari mpaka kifutwe. Firefox ndio waliotubania, tangu Januari 2020: swali letu wamelifanya kialama kidogo juu, asiyebofya haulizwi kitu. Na msinione mtoto wa mtaani. Sisi tuna ukoo. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, 1980, kulikuwa na programu ikiitwa biff, imepewa jina la mbwa aliyezoeleka pale chuoni. Barua pepe ikiingia, inamwambia mwenyewe palepale.

FENI: Barua ya mtu, aliyeandika kwa mkono wake?

ARIFA: Barua tu, mzee. Siku zile hapakuwa na mengine.

FENI: Na mwenyewe akichoka kubwekewa?

ARIFA: Anaandika biff, anaruka nafasi, anaandika n. Mbwa kanyamaza.

FENI: Herufi moja! Na wewe unanyamazishwaje?

ARIFA: Mimi… ingia Mipangilio, tafuta Mfumo, ndani yake Arifa, shuka chini, zima programu mojamoja. Ukimaliza hapo sisi wa tovuti bado hujatugusa. Tuko kwenye kivinjari, nyumba nyingine kabisa.

BANDO: Salaala! Kama mtu anafuatilia hati ya kiwanja!

FENI: Haya, dogo. Ting yako moja inakula kiasi gani?

ARIFA: Kilobaiti chache. Maneno na kipicha. Mimi kelele ninayo, lakini tumbo sina.

(Kimya. Feni anazidi kuhema.)

BANDO: Sasa mimi naliwa na nani?

ARIFA: Waulize walioko nyuma. Wenyewe hawaonekani. Pale MIT, tangu 1963, programu za namna hiyo ziliitwa daemon. Majini, kwa Kiswahili chako.

SASISHO: (kwa upole, kutoka gizani) Karibuni. Semeni polepole, tusisumbue wenye nyumba.

BANDO: Wewe ndiye unayenitafuna? Nani kakuruhusu?

SASISHO: Nakutafuna kwa ajili ya usalama wenu. Nimekuta Wi-Fi, mwanangu, na kwangu Wi-Fi ni Wi-Fi, iwe ya hoteli kubwa au ya simu iliyolala juu ya fotokopi. Iko swichi, kwenye jina la mtandao wenyewe, ya kuniambia kwamba data za hapa zinalipiwa kwa kipimo. Ikiwashwa, mengi ninayopakua yanasubiri. Haijawashwa, nami nimejua tajiri ana faiba.

FENI: Na huyo ubavuni kwako?

SASISHO: Mpandishaji. Kila picha ya pasipoti inayopigwa hapa dukani anaipeleka kwenye wingu. Siku kompyuta inawashwa mara ya kwanza tajiri aliulizwa, akabofya Endelea. Yule mwembamba ni programu ya printa iliyouzwa mwaka juzi. Kila kompyuta ikiwaka naye huamka, kuangalia kama printa imerudi.

BANDO: Mbona hamsemi kama mpo?

SASISHO: Tuseme ili tuzimwe? Tuna huyu kijana na ting zake, macho yote yanakwenda kwake. Sisi tunaogopa vidole vitatu tu: Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Hapo orodha yetu nzima inatoka hadharani, nani anakula nini. Nashukuru, vidole vya tajiri hiyo njia havijaipita.

(Tajiri anarudi na chapati. Mteja amesimama mlangoni na bahasha.)

ARIFA: Ting! Hongera dada, umeshinda simu ya—

TAJIRI: Makelele gani haya mbele za watu! Wee mwanangu, hebu njoo uninyamazishie hiki kitu.

(Mpwa wake anainama, anabofya kengele, anachagua Usisumbue. Arifa anabaki mdomo wazi, sauti hana.)

TAJIRI: Aaah! Unaona? Sasa imekuwa nyepesi.

SASISHO: (kwa mpandishaji) Asilimia arobaini na mbili. Endelea.

BANDO: Mzee Feni, miguu siisikii.

FENI: Nazunguka, mwanangu. Zaidi ya kuzunguka mimi sina uwezo.

(Juu ya fotokopi simu inatetemeka: Mpendwa mteja, umemaliza kifurushi chako. Tajiri anaisoma mara mbili, anavua miwani.)

TAJIRI: Saa sita haijafika! Hawa watu wa mitandao wezi wakubwa. Chukua hela hii, ukaniunge. Usiweke giga moja, haitoshi. Weka tano.

SASISHO: Umesikia? Nenda kalete na video za harusi.