Namna ya Kugundua Kiumbe wa Bahari Baridi Ukitokea Uyole

Watu wa Dar es Salaam wanaamini bahari ni ya moto kwa sababu wameishia kuchovya miguu pale Coco Beach. Wewe wa Mbeya usidanganyike. Ukienda mbali na pwani ya Tanzania na kushuka mita 3,000 chini ya yale maji ya uvuguvugu, utakuta nyuzijoto 2 hivi, giza totoro, na viumbe wanaoishi humo bila sweta. Hiyo ni nyanda ya Kitulo ya mwezi wa saba, imelowekwa tu. Kwa kazi ya kuwatafuta viumbe hao, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumezaliwa na sifa zote. Imebaki meli.

Usianzie Kyela. Najua kishawishi: MV Mbeya II ipo tangu 2021, na Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi. Lakini ile ni meli ya abiria na mizigo, na nahodha hatazima injini ili wewe ushushe wavu. Isitoshe, ziwa lenyewe halitoi ushirikiano. Maji ya chini kabisa yana nyuzijoto zaidi ya 22, joto ambalo usiku wa Juni pale Mbeya mjini tunalisikia kwa wageni tu. Tena kuanzia mita 200 na kitu kwenda chini oksijeni hakuna, kwa hiyo samaki hakuna. Utavua bakteria. Samaki wa Nyasa, mamia ya spishi, wamejazana juu, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) wana kituo hapohapo Kyela. Umeshatanguliwa.

Fanyia mazoezi Soko la Mwanjelwa. Tafuta katoni ya vibua wa kugandishwa. Wameshikana kwa barafu, tumbo kwa mgongo. Mama muuzaji anachomeka ncha ya kisu katikati yao, anapiga mpini kwa kiganja, wawili wanaachia kwa mlio. Mshike mmoja. Pima urefu, hesabu miiba ya pezi, chora ile mistari ya mgongoni iliyopindapinda. Mama atakuuliza, “Baba, unanunua au unampima presha?” Usijibu, mtafiti hajibu akiwa kazini. Hujagundua kitu, maana kibua ana jina siku nyingi, ila umeonja kazi yenyewe: kuandika namba huku vidole vimekufa ganzi.

Ukipata kielelezo cha kweli, kihifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70. Ndugu zangu wa Iringa, nasema spiriti. Ulanzi hauhifadhi kitu, na jioni mtungi utakuwa mtupu, samaki kabaki peke yake.

Sasa historia, maana bila historia utajiona wa kwanza. Tarehe 19 Julai 1898 Chifu Mkwawa wa Wahehe alijiua kule Iringa asikamatwe, na Wajerumani wakachukua kichwa chake. Kabla mwezi huo haujaisha, Wajerumani wengine wakang’oa nanga Hamburg na meli Valdivia, chini ya Profesa Carl Chun, kwenda kukusanya viumbe wa vilindini. Mwaka ule walikuwa wanakusanya kila kitu. Walishuka hadi karibu na Antaktiki, wakapandia Bahari ya Hindi, na mwaka 1899 wakatia nanga Dar es Salaam. Matokeo yao yalijaza juzuu 24, ya mwisho ikatoka 1940. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga, Iringa, 1954. Kwa hiyo makumbusho ya Ulaya yakichelewa kujibu barua yako, vumilia. Ndiyo kasi yao.

Ukishapanda meli, chagua pa kusimama. Sifa humfuata mwenye kalamu: wavuvi wa Komoro walimjua samaki silikanti zamani, wakamwita gombessa, wala hawakumthamini. Mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa Afrika Kusini, alimwona mmoja kwenye lundo la samaki wa meli ya uvuvi, na wataalamu waliodhani ametoweka tangu enzi za dinosaria wakapiga yowe. Jina likawa *Latimeria*. Wavuvi wa Tanga walianza kumnasa kwenye majarife miaka ya 2000, wakapewa hifadhi ya bahari mwaka 2009, pamoja na masharti yake. Simama basi karibu na mwenye wavu, lakini kalamu usiiache.

Meli ya kuvizia ni Dr Fridtjof Nansen, ya Norway na FAO, ambayo mtangulizi wake mwenye jina hilohilo alipima maji yetu 1982 hadi 1983, nayo ikaja 2018. Wewe unayesoma Biolojia pale Chuo cha Mkwawa, ambaye bahari umeiona kwenye kalenda tu, waandikie TAFIRI leo, au Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar. Baridi usiwaeleze sana, watakuona unajisifu. Taja kwamba umewahi kushuka mlima Kitonga kwa basi umekaa siti ya nyuma kabisa na hukutapika. Melini hicho ndicho cheti kinachoulizwa kwanza.