Namba 1000 ni ya Nani?

Wasamia wa Dabani, Uganda, wana ndugu zao ng'ambo, Kenya. Mpaka ulipita, undugu ukabaki. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi 2018, humkagua msafiri upande mmoja tu, kwa kitambulisho chake.

Tar, programu ya kufungasha faili, haina adabu hiyo. Ikifungua furushi kwa mamlaka ya root, hutafuta jina la mwenye faili. Lisipokuwepo kwenye mashine, hushika namba yake ya mtumiaji. Na 1000 ndiyo kawaida ya mtumiaji wa kwanza kwenye Debian na Ubuntu, popote pale! Basi faili za karani wa Tororo zikifika Busia hujikuta mikononi mwa mtu asiyezijua, na aliyetumiwa akitaka kuzihariri, hukataliwa.

Mtumiaji wa kawaida hana shida: anachofungua ni chake. Anayehitaji kukumbushwa chaguo la --no-same-owner ni bwana mkubwa root, mwenye ruhusa zote.