Sifa za Kisu Butu

Kuna watu hupima kisu kwa kunyoa malaika ya mkono. Utawajua tu: mkono wa kulia una kisu, wa kushoto una kipara kama kiwanja cha mpira, na mdomo unaeleza aina ya chuma. Jukwaa limekuwa lao siku zote. Leo naliomba mimi kwa dakika chache, nikisifu kisu ambacho hakijawahi kunyoa chochote.

Kinakaa jikoni kwa bibi yangu mzaa mama, Ipililo, mkoani Simiyu, kimechomekwa kati ya boriti na bati. Hakina jina. Kama kiliwahi kuwa na chapa, ilishafutika kabla sijazaliwa. Ncha ilivunjika siku kilipotumwa kufungua kopo la rangi, kazi ambayo hakikuiomba. Mpini wake wa mbao ulipasuka, ukafungwa utepe wa tyubu ya baiskeli, na utepe huo sasa ndio sehemu imara kuliko zote. Hunolewa kwenye kizingiti cha saruji, mara mbili mbele, mara mbili nyuma, na kizingiti kimeingia bonde kwa kazi hiyo. Kati ya kisu na kizingiti, mpaka leo, kinachopata makali ni kizingiti.

Sifa yake ya kwanza ni uaminifu. Kisu kikali kikiazimwa, ndiyo kwaheri. Kitapita nyumba tatu, kitakwenda kuchuna mbuzi ng'ambo ya mto, na mwisho utakiona mnadani kikiwa na mwenyewe mpya. Hiki chetu huondoka asubuhi baada ya "mwangaluka, mayu" na salamu zote, na saa sita mchana kiko mlangoni, mwazimaji amekileta mwenyewe, mbio, bila kukumbushwa. Tena huja na maneno ya pole.

Sifa ya pili inahitaji nieleze kazi yenyewe. Mvua zikiisha na viazi vitamu vikachimbwa, Usukuma wote huingia kwenye michembe: viazi humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa juani, mara nyingi juu ya miamba, hadi vikauke vya kuweka ghalani. Vikichemshwa kwanza kabla ya kukatwa na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Akiba hii imevusha watu miaka mingi ya njaa. Na kazi yote hufanyika kiganjani. Hakuna ubao. Kiazi kimo mkono wa kushoto, kisu kinakuja kuelekea dole gumba, na dole gumba ndilo breki. Sasa chukua kile kisu chako cha kunyolea malaika, mpe binti wa miaka kumi, mwekee mbele beseni tatu za viazi, halafu uniambie jioni umehesabu vidole vingapi. Kwa bibi tumemenya sote, wajukuu wa nyumba nzima, na sote tunahesabu hadi kumi bila kusita. Ni kweli vipande vyetu vilikuwa vinene kama kisigino, vingine vimekatwa, vingine ni kama vilivunjwa kwa ugomvi. Bibi ana jibu: kipande chembamba hakina utamu. Sijakutana na mtu wa kumpinga akiwa ameketi jikoni kwake.

Tatu, machozi. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti ambamo walikata vitunguu mbele ya kamera za kasi kubwa, wakaona kwamba kisu butu hurusha matone mengi zaidi ya yale maji yanayochoma macho, na huyarusha kwa nguvu zaidi. Kikali hupita, butu hukandamiza ngozi ya kitunguu mpaka kinapasuka na kutema. Wao waliliona hilo kama hasara. Hawajawahi kupika msibani. Msiba wa kwetu una vitunguu vya kujaza karai, na kila mpishi aliyeshika kisu cha bibi amelia kwa heshima zote, hata kwa marehemu ambaye, tuseme ukweli, alikuwa na madeni ya watu.

Sasa niwageukie wenye visu vyao.

Kila sikukuu, chini ya mwembe, wajomba na binamu huvitoa mifukoni. Mjomba mmoja ana Okapi, kile cha kukunja chenye mpini wa mbao uliopigiliwa nyota na miezi, na kipete ambacho ukikivuta ubapa unalegea na kurudi nyumbani kwake. Kikifunguliwa hulia krr-krr-krr, na nadhani nusu ya bei ni mlio huo. Mjomba hukisimulia kama panga la mfalme. Historia yake ni nyingine. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumpa jina rasmi okapi, yule mnyama wa misitu ya Ituri, na kilitengenezwa ili kiuzwe kwenye makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Yaani kwetu. Kilikuwa kisu rahisi cha kuuzia makabwela, na mwaka 1988 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Mjomba, kabwela mwenyewe aliyekusudiwa, amekipandisha cheo. Ni chuma kinachoshika kutu, kwa hiyo hakikati nyanya, hakikati ndimu, hakikaribii kitunguu, na Krismasi moja mbuzi alipokuwa ameshaning'inizwa, mjomba alikishikilia mfukoni akasema damu itakiharibu. Tulimchuna mbuzi kwa kisu cha bibi. Ilituchukua muda ambao mahali pengine mtu angejenga choo.

Binamu yeye ni mtu wa Victorinox, kile kisu cha Uswisi. Alikipata alipokuwa akifanya kazi na watalii upande wa Serengeti, chekundu, na msalaba mweupe. Kati yake na mjomba hakuna amani. Mmoja anasema kisu ni ubapa mmoja na mengine ni mapambo. Mwingine anafungua chuma kimoja kimoja kama anayehesabu watoto wake. Kuna parafujo ya kuvutia kizibo cha mvinyo, ambayo ilikuwamo tangu kile kisu cha maofisa cha mwaka 1897. Nimeishi Ipililo likizo nyingi, na kizibo cha mvinyo sijakiona hata kimoja, lakini siku kitakapofika tuko tayari. Binamu pia hapendi kukumbushwa kwamba visu vya kwanza vya askari wa Uswisi vilitengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa sababu Waswisi wenyewe hawakuwa na kiwanda cha kumudu oda ya jeshi lao. Karl Elsener wa Ibach, mwanzilishi wa Victorinox, alianza kuliuzia jeshi mwaka 1891. Mjomba alipolisikia hilo, kwamba vyuma vyote viwili asili yake ni Ujerumani, alinunua soda za watu wote.

Halafu likaja lililonifurahisha mimi. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ya Victorinox ilitangaza kwamba inatayarisha vifaa vya mfukoni visivyo na ubapa wa kukatia, kwa kuwa nchi nyingi zinabana sheria za kubeba visu. Zaidi ya miaka mia moja na thelathini ya kunoa, kung'arisha na kujisifu, na safari imeishia pale kisu cha bibi kilipo siku zote: kisu kisichokata. Nilimsomea bibi habari hiyo. Akauliza wanauza shilingi ngapi.

Watanijibu kwa methali, najua. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mwenye kusema hivyo hajakaa mnadani. Pale kwenye gogo la nyama choma kuna kisu kimoja kwa watu wote, kimeshiba mafuta mpaka mpini, kinapigwapigwa kwenye mfupa tangu asubuhi, na muuzaji akiona kimegoma hukipitisha kwenye kitako cha sahani kama mtu anayefuta kioo. Anayekula nyama pale ni mwenye meno. Wengine tunatafuna chumvi na pilipili tukisubiri. Na ile nyingine, ya mtoto akililia wembe mpe: ni kweli watoto hulilia wembe. Kisu cha bibi hakijawahi kuliliwa na mtoto yeyote, isipokuwa yule aliyeambiwa akitumie.

Nakiri nami niliwahi kukisaliti. Nilipoanza kupata mshahara nilipita Mwanza nikanunua kisu kizuri cha jikoni, chenye ala yake, makali ya kutisha, nikakipeleka Ipililo kikiwa kwenye karatasi. Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza, akajionea sura yake kwenye ubapa, akaniombea dua ndefu, akakifunga ndani ya khanga na kukiweka sandukuni chini ya vitenge.

Mwaka uliofuata nilikikuta palepale, na karatasi yake. Nikamuuliza mbona hakitumii.

"Kile ni cha wageni," akasema, akachomoa kile kingine darini, akanisogezea beseni la viazi.