Vua Viatu, Kuna Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika shule za Tanzania zilizobahatika kuwa na chumba cha kompyuta, chumba hicho kilikuwa na masharti kuliko maabara ya kemia. Maabara mwanafunzi aliingia na viatu vyake, akashika tindikali. Kwenye kompyuta alivua viatu mlangoni, akakaguliwa mikono, akaingia kwa soksi, na hapo ndipo darasa zima lilipojua soksi za nani zimetoboka na za nani hazijaonja maji tangu Jumatatu. Mashine zenyewe zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma vyenye maua, na ufunguo alikaa nao mwalimu mkuu.

Woga huo haukutoka hewani. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, na ni katikati ya miaka ya 1980 ndipo kamba ilipoanza kulegezwa. Mwalimu aliyekabidhiwa mashine chache za msaada, zilizokwisha kuchoshwa na ofisi za Ulaya, alikuwa amekulia katika nchi ambayo kompyuta ilikuwa bidhaa ya marufuku. Angemuuliza nani? Na vumbi lilikuwa tatizo kweli: skrini za wakati ule, zile zenye kisogo kirefu, zilivuta vumbi kwa umeme tuli wa kwenye kioo. Ukipitisha mkono karibu, vinyweleo vinasimama. Kwa hiyo suala la soksi, asamehewe.

Kabla ya kugusa chochote, nadharia. Watoto walichora kompyuta daftarini kwa rula na penseli, wakaweka na majina ya sehemu zake. Walijua kwamba Charles Babbage ndiye baba wa kompyuta muda mrefu kabla ya kujua kitufe cha kuwashia kiko wapi.

Siku ya vitendo ilipofika, walikaa wanne kwa mashine moja: mmoja kwenye mausi, mmoja kwenye kibodi, wawili washauri. Washauri ndio waliojua kila kitu. Aliyeambiwa apeleke mshale juu aliinua mausi hewani, akangoja. Mwingine alifika ukingoni mwa meza mshale haujafika unakokwenda, akamwomba jirani asogee kidogo ili aendelee upande wa pili. Kwenye kibodi nako herufi hazikufuata utaratibu wowote waliofundishwa chekechea, basi watu wakawa wanadonoa kama kuku, na kipindi kinaisha mtoto hajamaliza majina yake matatu.

Halafu Windows 95 ilikuwa na kawaida ya kutoa tangazo, kwa Kiingereza, kwamba programu imefanya kitendo kisicho halali na itafungwa. Mwenye Kiingereza cha kuombea maji akawafafanulia wenzake: kuna kosa la jinai limetendeka hapa, na mtu atafungwa. Aliyekuwa ameshika mausi alianza kulia. Washauri walikuwa wameshahamia meza nyingine.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, ililetwa na gololi. Ndani ya mausi za zama zile mlikuwa na mpira mdogo wa chuma uliovikwa raba ya kijivu. Ndio uliobingirika mezani na kuuendesha mshale. Mtoto aligeuza mausi, akazungusha kile kifuniko cha duara kufuata alama iliyochorwa, na mpira ukamdondokea kiganjani, mzito kuliko ulivyoonekana. Hakuna gololi ya kioo iliyoweza kushindana nao. Uwanjani bingwa akapatikana, na chumbani mshale ukaganda. Ilikuwa mwaka 2000, mwaka ambao kirusi kilichojificha katika barua pepe za mapenzi kilizunguka dunia nzima kuanzia mwezi Mei, na mwalimu akatangaza kwamba shule imeambukizwa. Shule haikuwa na intaneti. Haikuwa hata na simu.

Mwalimu wa kweli alikuwa mchezo wa karata. Ulianza kuja na Windows 3.0 mwaka 1990, kazi ya Wes Cherry, kijana aliyekuwa Microsoft kwa mafunzo tu na ambaye hakulipwa mrabaha hata senti. Karata ndizo zilizowafundisha watoto kubofya, kuburuta na kuachia, mambo ambayo madaftari yaliyachora bila kuyafundisha. Cherry alikuwa amewawekea wachezaji na kitufe cha kumficha bosi: ukikibonyeza, inatokea kazi ya ofisini ya uongo. Kampuni ikamwambia akitoe. Wanafunzi wa Tanzania hawakushauriwa katika uamuzi huo, na waliolipia kwa viboko ni wao.

Waliopata nauli na chenji walihamia intaneti kafe za mjini. Kabla ya mkonga wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti nyingi ilipanda kwanza hadi kwenye setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu, ndipo ishuke, na saa ya mwenye kafe haikuisubiri. Marafiki wawili waliketi viti vya jirani wakiandikiana barua pepe, kwa kuwa hawakumjua mtu mwingine mwenye anwani. Mmoja anatuma, mwingine anakodolea macho ukurasa unaofunguka mstari kwa mstari, mpaka aliyetuma anachoka na kumsomea kwa mdomo alichoandika.

Anwani zenyewe zilichaguliwa kwa haraka, dakika zikihesabika, na mtoto wa miaka 13. Ndiyo maana leo yupo mhasibu mwenye tai na kitambi cha heshima ambaye, akiulizwa barua pepe yake dirishani benki, huinama karibu na kioo na kumtajia karani, kwa sauti ya chini, jina la mwanamieleka, nukta, mtotowamjini, yote pamoja, bila nafasi.