Posa ya Baiskeli ya Kukunja

Baiskeli ya kukunja ikiwa dukani ni kama mchumba siku ya kutambulishwa: imeoga, imepaka mafuta, haina neno baya. Wewe unayeishi Kuresoi na kufanya kazi Nakuru, usitoe mahari kwa kutazama sura. Ipitishe kwanza kwenye mitihani hii.

Wa kwanza: mashemeji. Hao ni makanga na abiria. Ikunje saa kumi na mbili asubuhi kwenye steji ya matatu ya Molo, wakati magunia ya viazi yanagombania buti. Baiskeli ya kukunja ya Brompton, iliyobuniwa London na Andrew Ritchie miaka ya 1970, hukunjika ikawa ndogo sana kwa sababu magurudumu yake ni ya inchi 16. Ya inchi 20 huchukua nafasi zaidi. Ukilazimika kuilipia kiti kila siku, hiyo posa ivunje.

Wa pili: matope. Ibebe hatua 200 baada ya mvua ya Aprili. Ikiwa ya kilo 12, ni zaidi ya nusu ya uzito wa mtungi wa maji wa lita 20. Usidhani utaiendesha mpaka steji: gurudumu dogo huzama kwenye shimo ambalo baiskeli kubwa ya Black Mamba hulivuka bila kushtuka. Kazi ya hii ya kukunja ni lami ya Nakuru, kutoka steji hadi kazini. Mji ule umekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, na foleni zake zimekua nao.

Wa tatu: uaminifu. Funga bawaba, kamata usukani, kaza breki ya mbele, kisha isukume mbele na kuivuta nyuma. Ikigonga au ikicheza pale inapokunjwa, iache hapohapo. Bawaba ikifunguka njiani, unaanguka wewe. Breki nazo zijaribu kwenye mteremko mfupi, ukiwa na mzigo mgongoni.

Wa nne, na ndio mkubwa: mshenga. Huyu ni fundi wa baiskeli wa karibu nawe. Kabla ya kumwendea, soma namba ubavuni mwa tairi. Ukiona 406, shukuru: ndiyo saizi ya BMX za watoto, na tairi lake halisumbui kupatikana. Ukiona 349, ya Brompton, jua kwamba tairi la inchi 16 la baiskeli ya mtoto, ambalo kwa kawaida ni 305, haliingii hata ulibembeleze. Mwulize fundi, "Mzee, hii ikipasuka leo, kesho nitaenda kazini?"

Akiingiza mkono sandukuni na kutoa tyubu, lipa mahari. Akianza kukueleza habari za Nairobi, mshukuru, urudi nyumbani na pesa zako. Baiskeli inayongoja kipuri wiki tatu haijakuondolea nauli. Imekuongezea mzigo wa kuhifadhi chini ya kitanda.